Kindu si Masisi: kabla ya kugawa majembe, watu waelezwe udongo

KINDU, MANIEMA – Familia inayofika Kindu ikikimbia vita huja na vitu vichache: sufuria, godoro moja, nguo za watoto, pengine simu. Lakini kuna kitu kingine inachokuja nacho, ambacho hakibebwi kichwani. Ni ufundi wa kulima. Mama aliyelima maharagi na viazi vya kizungu Masisi kwa miaka 20 hajui tu kushika jembe. Anajua mvua ya kwanza inanyesha lini, udongo upi unataka mbegu ipi, na jani likigeuka njano ni ugonjwa gani. Shida ni kwamba ufundi huo aliupata mlimani, kwenye hewa baridi na udongo wa volkano. Leo amesimama kwenye joto la bonde, kando ya mto Lualaba, katikati ya msitu ambao hajawahi kuulima.

Hapo anapewa jembe, kilo chache za mbegu, na kipande cha pori. Miezi mitatu ikipita, mavuno ni kidogo ao hayapo kabisa. Wenyeji wanasema wageni ni wavivu, tena wanamaliza msitu. Wageni wanasema ardhi ya Kindu haina baraka, wengine wanafika mbali wakidai kuna mtu amewaroga. Maneno yanakuwa makali kisimani na sokoni, na kila upande unaamini uko na haki.

Ukweli ni kwamba pande zote mbili zinazungumza juu ya kitu kimoja bila kukijua. Shuleni kinaitwa ikolojia: namna hewa, udongo, mimea, wanyama na watu wanavyotegemeana mahali fulani. Wanafunzi wa sekondari wanakikariri kwa ajili ya mtihani na kukisahau. Lakini kwa mji kama Kindu, unaopokea watu kutoka Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na hata kutoka Kabambare ndani ya jimbo hili hili, si jambo la mtihani tena. Ni jambo la chungu. Mbegu inayogawiwa bila kueleza ardhi ni nusu ya msaada, na mara nyingine ni hasara.

Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema mpe jembe kisha umwache peke yake shambani.

Hewa ya mlimani na hewa ya bondeni

Jambo la kwanza ni tabianchi. Watu wengi wanachanganya tabianchi na hali ya hewa ya siku. Mvua iliyonyesha jana mchana ni hali ya hewa. Tabianchi ni tabia ya mahali kwa miaka mingi: joto lake la kawaida, miezi yake ya mvua, kiangazi chake. Mtu anaweza kushangazwa na hali ya hewa ya siku moja. Tabianchi haimshangazi mkulima wa pale, kwa sababu mababu zake walipanga mashamba kwa kuifuata.

Nyanda za Masisi zimepita mita 1500 juu ya usawa wa bahari, na sehemu nyingi zinafika mita 2000. Kindu uko karibu mita 500 tu. Kanuni ni rahisi: kila ukipanda mita 1000, joto hupungua karibu digrii 6. Kwa hiyo mtu anayetoka Masisi kuja Kindu ameshuka kwenye joto lingine kabisa. Hili analijua mwili wake tangu usiku wa kwanza, anaposukuma blanketi pembeni. Lakini mbegu nazo zina usiku wao.

Viazi vya kizungu vinataka usiku wa baridi ili vijaze chini ya udongo. Usiku ukiwa na joto, mmea hutoa majani mazuri ya kijani, mkulima anafurahi, kisha akichimba anakuta mizizi na vijiazi vya ukubwa wa kidole. Maharagi nayo, hasa yale yanayopanda kwenye miti, yamezoea milima. Katika joto na unyevu wa bonde maua yanaanguka kabla ya kuzaa, na magonjwa ya majani yanakimbia haraka. Mtu anayeona shamba zuri lisilozaa ana haki ya kufikiri amerogwa. Lakini hakuna mchawi hapo. Ni joto la usiku.

Bonde nalo lina mimea yake. Karanga, kunde, mihogo, mpunga, mahindi, ndizi, viazi vitamu na michikichi vinazoea joto hili. Maniema imejulikana kwa mpunga tangu zamani za wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu waliokaa Nyangwe na Kasongo. Mama wa Masisi hatakosa protini kwa kukosa maharagi kama mtu atamwambia mapema kwamba kunde na karanga ndizo zinazofanya kazi hiyo huku.

Kuna pia jambo la wakati. Kindu uko digrii 3 hivi kusini ya ikweta. Mvua hupungua kati ya Juni na Agosti, na wakulima hutumia kiangazi hicho kufyeka na kuchoma, ili mvua za Septemba zikute shamba tayari. Mbegu inayofika Oktoba ao Novemba kwa sababu barabara ni mbaya, ndege imechelewa, ao karatasi hazijasainiwa, inapoteza sehemu ya msimu. Njaa ya mezani itaifuata.

Utajiri uko juu, si chini

Jambo la pili ndilo linalowadanganya wengi. Mtu anayetoka milimani akiona msitu wa Maniema, na miti ambayo watu watatu hawawezi kuizungusha mikono, anasema moyoni: penye miti mikubwa namna hii, udongo lazima ni tajiri. Ni kosa, lakini ni kosa la akili nzuri, kwa sababu kule alikotoka ni kweli kwamba udongo unalisha watu wengi mahali padogo.

Kule Kivu, Nyiragongo na Nyamulagira zimemwaga majivu na mawe kwa karne nyingi. Volkano hiyo hiyo iliyochoma nyumba za Goma mwaka wa 2002 na tena mwaka wa 2021 ndiyo iliyotia nguvu kwenye udongo wa milima ya jirani. Udongo wa volkano ni kama ghala. Unaweza kulima mwaka baada ya mwaka, ukiusaidia kidogo kwa samadi ya ng'ombe, na bado unatoa.

Udongo wa Kindu ni mzee sana. Mvua imeuosha kwa muda mrefu usiohesabika, na chakula kingi cha mimea kimekwenda na maji. Kilichobaki hakiko chini, kiko juu: ndani ya miti, matawi na majani. Jani likianguka, mchwa, uyoga na vijidudu vinalivunja haraka, kwa sababu kuna joto na unyevu. Mizizi myembamba iliyo karibu na uso wa ardhi inakinyakua chakula hicho kabla mvua haijakichukua. Msitu huu hauishi kwa ghala. Unaishi kama familia inayokula kwa kazi ya kila siku: leo inapata, leo inakula. Ikikosa kazi siku tatu, chungu kimekauka.

Ndiyo maana shamba jipya lililochomwa hutoa mavuno mazuri mara ya kwanza. Majivu ya miti ni mbolea. Mara ya pili mavuno yanashuka. Mara ya tatu yanakuja majani makali yanayokata mikono, na mkulima anahamia kwingine. Mpunga wa nchi kavu unapenda majivu hayo ya mwaka wa kwanza, na hiyo ni sababu moja kubwa inayowafanya watu wafyeke msitu mpya kila kiangazi.

Wataalamu wanagawa dunia kwa mikanda mikubwa ya uoto, ambayo huitwa bioma: msitu wa mvua, mbuga za nyasi, jangwa, na mingine. Maniema peke yake ina mikanda miwili. Kaskazini, upande wa Punia, Lubutu na Pangi, ni msitu mzito. Kusini, upande wa Kasongo, Kabambare na Kibombo, nyasi zinaingia na msitu unabaki hasa kando ya mito. Kwa hiyo hata mkimbizi wa kutoka Kabambare, ambaye ni mtoto wa jimbo hili, anaweza kupotea. Kwao moto ukipita kwenye nyasi, mvua za kwanza zinarudisha nyasi. Moto ukipita msituni, kilichoungua hakirudi kwa mvua moja wala kwa mvua kumi.

Shamba nalo hulala

Je, wenyeji waliishije kwenye udongo huo miaka yote? Jibu linajulikana na kila mzee wa kijiji: waliacha shamba lilale. Walilima mwaka mmoja ao miwili, kisha wakaliacha miaka 10, 15, hata zaidi. Wa kwanza kurudi ni vichaka, kisha parasoliye, ule mti wa majani mapana kama mwavuli. Mbegu zake huletwa na popo, ndege na nyani wanaokula matunda yake. Mti huo unakua haraka, unaleta kivuli, unaua majani makali, unaangusha majani yake na kutengeneza udongo upya. Chini yake miti ya msitu inaanza kuota polepole. Mzee akiona parasoliye ndogo anasema shamba bado limelala. Akiona zimekuwa kubwa na kuanza kuanguka, anajua ardhi imepata nguvu.

Siku hizi, karibu na mji, usingizi huo umekatwa. Watu ni wengi, mashamba ni karibu, na shamba linarudiwa kabla ya kupumzika vya kutosha. Hili lilianza kabla ya wakimbizi kufika. Kufika kwao kumeongeza uzito kwenye mzigo uliokuwapo.

Na hapa kuna jambo ambalo halisemwi sana kwenye vikao. Familia iliyohama mara nyingi huazimwa ardhi kwa msimu mmoja tu. Mwenye shamba anaogopa kwamba akiwaacha zaidi, ardhi itapotea. Hofu hiyo inaeleweka katika nchi ambayo kesi za ardhi zimemwaga damu. Lakini matokeo yake ni nini? Muhogo unakaa ardhini karibu mwaka mzima ao zaidi. Mti wa matunda unataka miaka. Mtu aliyepewa miezi minne hawezi kupanda muhogo, hatapanda mti, hataweka majani yaoze yawe mbolea. Atapanda kinachotoka haraka, atachukua kinachowezekana, na ataondoka. Si kwa ubaya. Mkataba wenyewe umemfundisha hivyo. Anayeazima ardhi kwa msimu mmoja hawezi kulalamika kwamba imerudishwa imechoka.

Mazungumzo kama haya si mageni pembeni ya mashamba:

«Dada, huku viazi vya kizungu utavililia.»

«Na maharagi je, mama?»

«Weka kunde, ao karanga. Na mihogo pembeni.»

«Mbegu tulizopewa ni za maharagi. Na mwenye shamba anataka fasi yake mwezi wa kwanza.»

Katika maneno hayo machache kuna kasoro zote mbili: mbegu iliyochaguliwa mbali na shamba, na muda uliopangwa bila kufikiri juu ya mmea.

Hakuna kiumbe kinachoishi peke yake

Jambo la tatu ni uhusiano wa viumbe. Kuna viumbe vinavyosaidiana, kuna vinavyokulana, kuna vinavyogombania chakula kimoja, na kuna vinavyoishi kwa kunyonya wengine. Mifano haihitaji kutafutwa kwenye vitabu vya Ulaya.

Chimba karanga uangalie mizizi yake. Ina vinundu vidogo. Ndani yake wanaishi bakteria wanaochukua naitrojeni kutoka hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Karanga nayo inawapa sukari. Hakuna anayemlipa mwenzake franga, lakini kila mmoja anafaidika. Ndiyo sababu shamba lililopandwa karanga ao kunde, mabaki yake yakiachwa humo humo, hubaki na nguvu kidogo kwa ajili ya mmea unaofuata. Kwa mtu asiyeweza kununua mbolea, hiyo ni mbolea ya bure.

Angalia sasa majani ya muhogo yaliyokunjamana na kuwa na madoa ya njano. Ni mosaiki. Ugonjwa huo unaletwa na virusi, na virusi vinabebwa na nzi mweupe mdogo anayekaa chini ya majani. Lakini kuna mbebaji mwingine: mtu. Familia mpya inaomba vijiti vya muhogo kwa jirani, inapewa vyovyote vilivyopo, inapanda ugonjwa pamoja na mmea. Mama anayejua atachukua vijiti kutoka kwenye shina lenye majani yaliyonyooka tu, na shina lenye mosaiki ataling'oa mapema. Somo hilo linachukua dakika tano, na linaokoa bugali na sombe ya mwaka mzima.

Chukua panya na bundi. Panya wanakula mpunga shambani na ghalani. Bundi anakula panya usiku kucha. Lakini bundi akilia juu ya nyumba, watu wanasema ni ndege wa wachawi na wanamwua. Nyoka naye anauawa popote anapoonekana, hata yule asiye na sumu. Kisha watu wanalalamika kwamba panya wamezidi. Hakuna anayeomba mtu afuge nyoka chumbani pamoja na watoto. Lakini kumwinda bundi ni kuwafanyia panya kazi.

Na ng'ombe? Wafugaji wa Masisi wanajiuliza kwa nini nchi yenye majani mengi hivi haina makundi ya ng'ombe. Jibu ni mbung'o, yule nzi anayeleta malale kwa watu na ugonjwa wa kukonda kwa ng'ombe. Baridi ya milimani inamzuia. Joto na kivuli cha bondeni vinampendeza. Mbuzi wadogo wa huku wamezoea kuishi naye kupita ng'ombe wa mlimani. Kwa hiyo anayefikiri kumsaidia mfugaji kwa kumletea ng'ombe Kindu atakuwa anamlisha mbung'o.

Mwisho ni viwavi wanaoliwa, ambao wengi wanawaita mbinzo. Kuna aina inayokula majani ya sapeli, mti ambao wafanyabiashara wa mbao wanauita libuyu. Sapeli ikiwapo, msimu ukifika, watoto wanaokota chakula bila kulima. Sapeli ikipasuliwa mbao, pesa inaingia mara moja, na viwavi hawarudi pale tena. Kila anayeuza mti huo anauza pia mboga ya miaka ijayo, na kwenye bei ya mbao mboga hiyo haihesabiwi.

Nani anamaliza msitu?

Shtaka la kwamba wakimbizi wanamaliza msitu linahitaji kuangaliwa bila hasira. Ni kweli kwamba mtu asiye na shamba wala kazi atachoma makala, kwa sababu makala inauzwa kila siku. Lakini nani anayenunua? Karibu kila jiko la Kindu linapika kwa makala ao kuni. Gunia linalosukumwa kwa baiskeli hadi mjini, ao linalovushwa kwa mtumbwi kutoka ngambo ya Alunguli, haliishii kwa mkimbizi. Linaishia kwenye majiko ya mji. Anayekata ni mmoja, wanaowasha ni wengi.

Watu waliotoka Goma wanajua hadithi hii mwisho wake. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya makala ya mji ule ilitoka ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka wa 1925, na biashara hiyo ikageuka kuwa pesa ya watu wenye silaha. Watu waliotoka Kalehe nao wanajua. Tarehe 4 Mei 2023 mvua kubwa ilishusha maji, matope na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 walikufa. Mlima mkali ulionyang'anywa miti haushiki maji kama mlima wenye miti. Hawa si watu wa kufundishwa kwamba msitu una maana. Ni mashahidi. Kindu ingewasikiliza, ingejifunza.

Kwa upande mwingine, wenyeji wako na haki wanaposema msitu una mwisho. Magharibi ya Kindu iko Hifadhi ya Taifa ya Lomami, iliyotangazwa mwaka wa 2016, kati ya Maniema na Tshopo. Katika misitu ya Lomami alipatikana nyani aitwaye lesula, ambaye watafiti walimtambulisha kwa dunia mwaka wa 2012 tu, ingawa wawindaji wa pale walimjua zamani. Na mto wenyewe unaopita Kindu ni mpaka mkubwa wa wanyama: bonobo wanaishi upande wa kushoto, sokwe na gorila upande wa kulia. Hawaogelei, kwa hiyo mto umewatenganisha bonobo na sokwe kwa zaidi ya miaka milioni moja, hadi wakawa aina mbili. Kila upande una viumbe vyake, na kikipotea hapa hakivuki kutoka ngambo kuja kujaza nafasi.

Msitu huo pia unasaidia kutengeneza mvua yake. Miti inavuta maji ardhini na kuyatoa hewani kwa majani. Mvuke huo unarudi kuwa mvua, hapa ao mbali zaidi. Kwa hiyo anayelima mpunga Kailo ana faida na miti ambayo hajawahi kuiona. Ikikatwa mingi, mkulima ndiye atakayeona kwanza kwamba tarehe za mvua alizofundishwa na baba yake hazishiki tena.

Kifanyike nini

Kuna watakaosema haya ni maneno ya darasani, na kwamba mtu mwenye njaa hasubiri somo. Ni neno la kweli, na chakula cha haraka lazima kitolewe kwanza. Lakini mbegu si chakula cha haraka. Mbegu ni ahadi ya miezi minne ao kumi na miwili. Ahadi hiyo ikivunjika, njaa inarudi ikiwa na deni.

Mambo manne yanawezekana bila kusubiri vita kuisha.

La kwanza, mashirika ya kiutu na huduma ya serikali ya kilimo wachague mbegu kufuatana na mahali zitakapopandwa, si kufuatana na orodha iliyotumika milimani. Kwa bonde la Kindu: karanga, kunde, mahindi, mpunga, na vijiti vya muhogo visivyo na mosaiki. Na zifike kabla ya Septemba.

La pili, siku ya kugawa majembe iwe pia siku ya shamba. Asubuhi moja inatosha kuanza. Mama mwenyeji anayejua, alipwe kwa muda wake kama mafundi wengine wanavyolipwa, awaonyeshe wageni udongo, majani ya parasoliye, muhogo mzima na muhogo mgonjwa. Na wageni waulizwe nao wanajua nini. Watu wa milimani wanajua kutengeneza matuta ya kuzuia maji na kurudisha samadi shambani, kazi ambazo Kindu itazihitaji sana kadiri mashamba yanavyokosa muda wa kulala. Mgeni njoo, mwenyeji apone: methali hiyo ilikuwa na maana hata shambani.

La tatu, machifu, wenye mashamba na familia waandike makubaliano ya miaka mitatu angalau, mbele ya mashahidi, yakisema wazi kwamba ardhi ni ya mwenyewe na mazao ni ya aliyelima. Karatasi hiyo inamwondolea mwenyeji hofu na inampa mgeni sababu ya kuitunza ardhi. Ndani yake iandikwe pia miti isiyokatwa: ya viwavi, ya matunda, na iliyo kando ya vijito na visima.

La nne, viongozi wa mji waache kuzungumza juu ya makala kama kosa la wakimbizi. Jiko linalobana moto linapunguza gunia. Miti inayokua haraka, ikipandwa kwenye nyasi za zamani karibu na mji, inaweza kuwa kuni za kesho. Vijana waliohama na vijana wa Kindu wanaweza kulipwa pamoja kwa kuipanda, na kazi ya pamoja inapunguza maneno makali kupita mikutano mingi ya mapatano.

Hakuna anayejua familia hizi zitarudi lini makwao. Wengine watarudi mwaka ujao, wengine watazeeka hapa, na watoto wao watasema wao ni watu wa Kindu. Kwa vyovyote, mwaka huu watalima udongo wa hapa, na wenyeji watalima udongo huo huo pembeni yao. Kiangazi ni kifupi, na vichaka vya kufyeka ni vingi. Kama somo la udongo litatolewa, litolewe sasa, wakati panga bado ziko mkononi na moto haujawashwa.